Kichwa cha Mtu wa Kumi

Ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke wa kwenye video iliyozunguka Mji wa Kale ikavuka feri mpaka Likoni, aliyesimama kichochoroni na mtoto mgongoni, ameikumbatia ngazi, amevaa suruali ya kulalia ya kiume yenye picha za bata, anapiga mayowe "Kichwa tu! Kichwa kinatosha!", ni mimi, mke wa Hafidhi, mama yake Nuru, na kama yuko ambaye hajaiona basi simu yake imeharibika. Aibu nimeila nikashiba. Ninachoandikia hapa si aibu, ni hasira, kwa sababu kila anayeituma huongeza lake: mara nilikuwa nafukuza mwizi, mara nimeshikwa na wazimu wa uzazi, mara (na huyu nikimjua tutaonana) nilikuwa nampandisha mwanamume chumbani kwa dirisha huku mume wangu yuko melini. Mwanamume nilimpandisha, sikatai. Lakini sikilizeni nilimpandisha kwa nini.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, Bi Zuhura, ana nyumba ya wageni hapa Kibokoni, vyumba sita, nyumba ya zamani yenye kuta nene na ngazi nyembamba ya kupandia ghorofani, ile ambayo ukikutana na mtu katikati lazima mmoja wenu arudi nyuma. Mimi ndiye wa kufua mashuka, kupika chai ya asubuhi na kujibu wageni kwenye simu, maana nimemaliza kidato cha nne na mavyaa hapendi kubofya bofya. Kazi naiweza. Mdomo ndio siuwezi, na hilo mavyaa huniambia kila siku.

Basi akaja Mzee Natani. Mzee wa miaka themanini na kitu, Myahudi, amezaliwa na kukulia Nakuru, Kiswahili anakisema kama mtu wa bara kabisa, magoti yamekwisha lakini kichwa kizima. Alikuja na wenzake wanane, wote Wayahudi, wengine wazee wenziwe wa Nairobi, wengine wageni wa ng'ambo, wakachukua nyumba nzima. Asubuhi yake nikimpelekea chai akanieleza jambo lililomleta. Alikuwa na ndugu yake pacha, Yona, aliyefia hapa Mombasa zamani sana, wakiwa vijana wa miaka ishirini, kwa homa ya siku tatu. Sasa wao wana sala ya maiti iitwayo Kadishi (ajabu yake, ndani ya sala hiyo hamna hata neno moja la mauti, ni kumtukuza Mungu mwanzo mpaka mwisho), na sala hiyo mtu hawezi kuisoma peke yake, ni lazima wawepo watu kumi. Siku aliyozikwa Yona walikuwa wanne tu. Akazikwa bila Kadishi.

"Nimeisoma kwingine kila mwaka," mzee akaniambia. "Nairobi nimeisoma, ng'ambo nimeisoma. Hapa alipofia haijasomwa hata mara moja. Na daktari amesema hii ndiyo safari yangu ya mwisho."

"Leo ndiyo siku yenyewe?"

"Leo. Kwa kalenda yetu siku inaisha jua likizama. Mkisikia adhana yenu ya magharibi, yangu imepita."

Mimi babangu alizikwa nikiwa leba. Nuru analia lile la kwanza kule hospitali ya kujifungulia, huku wanaume wamembeba babangu wanampeleka. Sitalizungumza zaidi ya hapo, nataka tu mjue kwamba mzee aliponieleza habari ya Yona, nilikuwa najua anachosema.

Kumi walikuwa wametimia, kwa mpango. Tisa nyumbani kwetu, na wa kumi ni fundi mmoja aitwaye Rafaeli, ana mkataba wa kutengeneza winchi kwenye yadi ya makontena huko Shimanzi. Aliahidi kufika saa kumi. Saa kumi ikafika, Rafaeli hakufika. Saa kumi na moja akapiga simu: alikuwa ametumwa Miritini kwa kazi ya dharura, sasa yuko njiani kurudi, yuko Kibarani, lori limepinduka mbele yake na foleni haisogei hata hatua moja.

Nikapanda na chai nikawakuta wamekaa, vikofia vyao vidogo kichwani, vitabu mkononi, wanahesabiana. Nao hawahesabu watu kwa moja, mbili, tatu, wanaona ni kisirani (nikawaelewa, kwetu pia watoto wa mtu hawahesabiwi mbele za watu), wana aya yao ya maneno kumi, kila mtu anapewa neno moja. Wakafika neno la tisa. La kumi halikuwa na mtu.

"Amepungua mtu mmoja tu?" nikauliza.

"Mmoja tu, binti."

"Mzee wa kahawa yuko pale nje. Mtu mzima, mcha Mungu, hana kazi saa hizi."

Mzee Natani akacheka kidogo. "Sharti awe mwanamume, awe amepita miaka kumi na mitatu, na awe wa kwetu. Wana wa Israeli."

Na hapo ndipo nilipolitoa lile neno. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyeniomba. Nikasema: "Mzee, niachie mimi."

Nikashuka. Mavyaa alikuwa jikoni anachambua mchele, nikamweleza. Akaniangalia vile anavyoniangalia.

"Sisi Ijumaa twataka watu arubaini na twawapata. Wao kumi tu ndio wamewashinda?"

"Amepungua mmoja, mama. Nitamtafuta."

"Wewe mwana, ntakwambia mara ngapi? Mgeni hupawa chumba, maji moto na taulo. Watu hatutoi."

Sikumsikiliza. Nikatoa simu. Sasa ndugu zangu, hapa ndipo kosa lilipo, na nilifanya kosa hilo kwa adabu. Ningeandika "Anatafutwa Myahudi mmoja", mambo yangekwisha, ningekosa na ningekaa kimya. Lakini neno hilo mtaani kwetu watu hulitumia kutukania, mtu akikunyima chumvi unaambiwa yahudi we (ujinga mtupu, na mimi mwenyewe nimewahi kulisema, sasa nimekoma), na siku hizi ukilitaja kuna watakaokuletea vita vya mbali mpaka mlangoni. Nikaona nimstahi mzee wangu. Nikalitumia neno lile lile alilolitumia yeye, ambalo hata chuoni, kwenye Kurani, tumesomeshwa. Nikaandika kwenye kundi la akina mama tunaopeleka watoto kliniki siku moja: "Anatafutwa mwanamume mmoja, mtu mzima, wa wana wa Israeli, aje kusali na mzee wetu mgeni kabla ya magharibi. Ni haraka. Mungu atawalipa."

Haikupita dakika, simu ikalia. Mama Neema, mtu wa Kakamega, mumewe yuko reli, tunapimisha watoto pamoja.

"Mama Nuru, hao unaowatafuta si ni sisi!"

"Nyinyi ni wana wa Israeli?"

"Kabisa! Baba Neema ndiye mzee wa kanisa letu. Sabato tunashika, nguruwe hatumgusi, viatu tunavua mlangoni."

Sasa niambieni nyinyi, ningeuliza nini tena? Sabato wanashika, nguruwe hawali. Kulikuwa na swali moja lingine la kumwuliza kuhusu wanaume wao lakini niliona haya.

"Nataka mmoja tu, Mama Neema."

"Mmoja? Kwa kazi ya Mungu? Hebu ngoja."

Ningengoja kweli, pengine tungepona. Lakini mimi nikakimbia juu, mguu mmoja mmoja kwa vidato viwili viwili, Nuru mgongoni anarukaruka, nikasimama mlangoni nikasema kwa fahari, "Mzee, mtu amepatikana. Yuko njiani." Mzee Natani akafumba macho. Kisha akainuka, magoti yale, akaenda kuvaa koti lake jeusi katika joto hili la Mombasa, akachukua karatasi akaandika jina la Yona kwa maandishi yao, akaiweka mbele yake mezani. Nilipoliona lile koti nikajua sina tena njia ya kurudi nyuma. Huyo mtu lazima aje.

Akaja. Nilisikia kwanza ngoma. Nikiwa uani naanua nguo (na kwa sababu nilijimwagia maji ya kufulia nilikuwa nimevaa suruali ya Hafidhi ya kulalia, nimejifunga leso juu yake, mtaona umuhimu wake), nikasikia ngoma kutoka upande wa barabara kuu, nikajisemea kuna harusi. Ngoma ikakaribia. Ikaingia mtaani kwetu. Ikasimama mlangoni kwetu.

Nikatoka. Wanaume ishirini na watatu, kanzu nyeupe, mikanda ya kijani, vilemba, jasho linawatiririka, na mbele yao Baba Neema, mtu wa miraba minne, amekumbatia ngoma kubwa kama pipa la maji. Wazee wa barazani wameacha kahawa zao. Madirisha yote ya juu yamefunguliwa.

"Mama Nuru, harusi ya nani hii?" mzee wa kahawa akauliza.

Baba Neema akatabasamu kwa upole ambao mpaka leo nikiukumbuka nashindwa hata kumkasirikia. "Bwana asifiwe, Mama Nuru. Uliomba mmoja, Mungu amekupa ishirini na watatu."

"Baba Neema, subiri kidogo..."

"Tuonyeshe mzee alipo."

Wapi, mlango u wazi, ngazi inaonekana, wakaingia. Yeye mbele, anapanda kinyumenyume anaivuta ngoma, wenzake nyuma wanaisukuma na kuimba, na mimi nyuma yao nasema "jamani subirini, jamani subirini", sauti yangu inamezwa. Wakafika kwenye kona. Ngoma ikagusa ukuta huu, ikagusa mkono wa ngazi upande ule, ikatulia. Walio chini wakasukuma. Aliye juu akavuta. Nikasikia mbao zinalia, kisha ikawa kimya, na kimya kile ndicho kilichonitisha. Ngoma ilikwama. Haikwenda juu, haikurudi chini, haikuzunguka. Mbele yake Baba Neema, peke yake, na wageni wetu. Nyuma yake dunia nzima iliyobaki.

Nikapenya mpaka kwenye ngoma, nikatega sikio, nikamsikia Baba Neema anaingia chumbani.

"Shalom, mzee wangu!"

"Shalom, shalom, karibu!" Sauti ya Mzee Natani ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Wewe ndiye uliyepatikana. Niambie, mama yako ni wa kwetu?"

"Mama yangu ni wa Kakamega."

"Na baba?"

"Kakamega pia. Lakini sisi ni Israeli wa roho, mzee. Tumeitwa, tumekuja."

Mzee Natani akasema, taratibu, bila ukali hata kidogo: "Ndugu yangu, roho naiona. Umetoka kwako na ngoma kwa ajili ya mtu usiyemjua. Lakini hesabu hii ni ya aliyezaliwa na mama wa kwetu au aliyeingia kwa sheria yetu. Kaa nasi. Keti. Ila bado tuko tisa."

Yaani chumbani mlikuwa na wanaume kumi, nasema kumi, miguu ishirini, na walikuwa tisa. Nilitamani ngoma ile inifunike.

Mavyaa akatokea nyuma yangu. Akaiangalia ngoma. Akawaangalia wanaume ishirini na wawili waliojipanga kwenye ngazi yake na ukumbini mwake na viatu vyao mlangoni.

"Nini hini?"

"Mama, ni wana wa Israeli."

"Wana wa nani? Huyu si mume wa yule mwanamke wa kliniki?"

Saa hiyo ilikuwa saa kumi na mbili na dakika chache. Na ndipo aliposhuka Rafaeli. Namaanisha alishuka kwenye pikipiki nje, amelitelekeza gari Kibarani na funguo ndani, shati limemganda, tumbo mbele, anahema, kikofia mkononi. Mtu wa kumi. Halisi. Nilimjua kwa kuwa aliuliza, "Wako wapi? Nimewahi?" nikataka kulia.

"Umewahi," nikamwambia, "lakini hupandi." Nikamwonyesha ngoma.

Tukajaribu. Wallahi tulijaribu. Wakavuta, wakasukuma, mmoja akaleta mafuta ya nazi, ngoma ikanukia vizuri na haikutikisika. Kijana mmoja wa kanisani akataka kuipasua ngozi kwa kisu, na hata ingepasuliwa ni mbao za pembeni ndizo zilizokwama. Rafaeli akasema basi wale walio juu washuke, nikamwuliza washuke wapite wapi, ndani ya ngoma?

Nikatoka kichochoroni, nikarudi nyuma mpaka ukuta wa jirani, nikaita juu. "Mzee Natani! Rafaeli yuko hapa chini! Ngazi imeziba!"

Akatokea dirishani. Dirisha lile la ghorofani ni pana, halina nondo, ubao wake mmoja umeng'oka siku nyingi (nilimwambia mavyaa tuutengeneze, akasema baadaye). Mzee akamwangalia Rafaeli, akaangalia mbingu, akaniangalia mimi. Nuru alikuwa amelala mgongoni. Nikasema, na nilisema kwa ukali kama ninamgombeza: "Mzee, fikiri. Lazima iko njia. Vitabu vyote vile mlivyovisoma, hakuna mtu aliyewahi kukwama nje?"

Nikamwona uso unabadilika. "Iko," akasema. "Iko! Aliye nje akionyesha uso wake dirishani huhesabiwa na walio ndani. Hata dirisha likiwa juu."

Mwenzake mmoja akatokea ubavuni mwake akaanza kubisha, sijui kwa lugha gani, mikono hewani, huyu anasema hivi, yule anasema vile, wa tatu akaja na kitabu. Jua linazama wao wanabishana! Nikapiga kelele: "Uso mzima au kichwa tu?"

"Uso! Kichwa!"

"Kichwa kinatosha?"

"Kinatosha!"

Nikageuka. "Leteni ngazi!"

Mzee wa kahawa akasema, "Ngazi si imeziba?"

"Siyo hiyo ya kupandia!"

"Kwani nyingine ni ya nini?"

"Ya kuegemeza! Ya fundi! Ya fundi rangi!"

Nikaikimbilia mwenyewe, ilikuwa imelazwa kando ya nyumba ya tatu, madoa ya chokaa kila mahali, nikaiburuta, kijana mmoja wa kanisani akanisaidia kuisimamisha, nikaiegemeza chini ya dirisha. "Panda," nikamwambia Rafaeli.

Rafaeli akarudi hatua moja. "Dada, mimi naogopa kupanda juu."

"Wewe si fundi wa winchi?"

"Nazitengeneza zikiwa zimeshushwa."

Nilimwangalia tu, na nadhani nilimwangalia kama mavyaa, kwa sababu alivaa kikofia chake akapanda. Kidato kimoja, anasimama. Cha pili, anasimama, anataja jina la Mungu. Sakafu ya kichochoro ni mawe yaliyolainika kwa miaka, miguu ya ngazi inateleza, nikaikumbatia kwa mikono yote miwili, bega nikalikaza, na yule kijana aliyenisaidia kumbe ameitwa ndani kuvuta ngoma. Nikaita mtu aje ashike upande wa pili. Hapo ndipo nilipoona simu. Mtaa mzima umejaa, wake kwa waume, kila mtu mkono juu na simu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kushika ngazi. Hiyo ndiyo hasira yangu. Mikono ilikuwepo, yote ilikuwa inapiga picha.

Rafaeli akasimama kidato cha mwisho akaniuliza, "Niingie ndani kabisa?" na mguu wake mmoja akauinua, ngazi ikacheza, nami ndipo nikapiga yale mayowe mliyoyasikia. "Usiingie! Kichwa tu! Kichwa kinatosha! Ingiza kichwa!" Akaingiza kichwa dirishani. Kwa chini tuliona makalio yake tu na viatu vinavyotetemeka. Nikasikia ndani wanahesabiana tena, neno, neno, neno, na safari hii la kumi likapata mtu.

Mzee Natani akaanza kusoma. Sauti ya kizee, nyembamba, lakini imesimama. Na mtaa, sijui kwa nini, ukanyamaza. Wale wa kanisani kwenye ngazi wakanyamaza. Na mimi leso yangu ikaachia.

Niliisikia inafunguka. Fundo la leso la mwanamke anayenyonyesha anayekimbia tangu saa kumi na moja, lingestahimili vipi? Ikateremka kiunoni, ikateremka magotini, ikatua chini kwenye mawe, nikabaki na suruali ya Hafidhi, bata wa manjano mapaja yote, mbele ya baraza la wazee walionijua nikiwa mtoto. Kuinama nisingeweza bila kuiachia ngazi, na ngazi nikiiachia mtu wa kumi anaanguka, na akianguka wanabaki tisa katikati ya sala, na Yona anakosa tena. Niliyafikiria yote hayo kwa muda wa pumzi moja. Sikuiachia. Nikauficha uso wangu kwenye vidato vya ngazi, chokaa ikaniingia mdomoni, nikaikumbatia zaidi. Watu wakacheka. Wacheke.

Kisha nikasikia mkono kiunoni. Mavyaa. Ameokota leso, anaikung'uta, ananifunga kwa fundo la nguvu mpaka nikakosa pumzi, na huku ananinong'oneza sikioni: "Kimbelembele. Mshika maneno ya watu. Yawezekana mtoto wa mtu kuwa hivi?" Akamaliza kufunga. Nikadhani ataondoka. Akahamia upande wa pili wa ngazi akaishika, mavyaa wangu, Bi Zuhura, ambaye hata ndoo hajaibeba tangu nimeolewa, na akawageukia wenye simu: "Zimeni! Hizo simu, zimeni!" (Hawakuzima, mmeona.)

Juu mzee akafika mahali pa kuitikiwa. Wenzake wakasema amina, na kutoka kwenye ngazi ya ndani wanaume ishirini na wawili wa kanisani wakaitikia "AMEN!" kwa sauti iliyotikisa dirisha, Rafaeli akaruka kichwa kikagonga ubao, ngazi ikaserereka kidogo, mavyaa akasema "Ya Rabi!" tukakaza. Mara ya pili wakaitikia tena. Mara ya tatu nikasikia na wazee wa barazani wamesema "amin", kwa mazoea tu nadhani, mtu akisikia dua huitikia. Hakuna kati ya hao aliyehesabiwa. Lakini waliitikia.

Mzee akamaliza. Na kabla Rafaeli hajakitoa kichwa chake, msikitini wakafungua kipaza sauti, nikasikia ile pumzi ya mwadhini kabla hajaanza. Allahu akbar. Magharibi imeingia. Sala ya Yona iliwahi kwa pumzi moja.

Wanaume wakatawanyika kwenda kuswali. Rafaeli akashuka, akaketi chini kwenye mawe, akanikamata mkono. Mzee Natani akabaki dirishani na machozi yake, hakuyafuta. Na mimi, badala ya kunyamaza nikafurahi, nikamwuliza.

"Mzee, nina swali. Mimi nimeita watu, nimekimbia, nimeshika ngazi, nimebaki na bata mbele ya mtaa mzima. Katika hao kumi, mimi nahesabiwa?"

"Huhesabiwi, binti."

"Hata nusu?"

"Hata nusu. Kuna wa kwetu siku hizi wanaowahesabu wanawake. Kwa namna niliyolelewa mimi, hapana. Umenitendea kubwa kuliko ninavyoweza kusema, na kwa hiyo sitakudanganya."

Nilikasirika. Bado nimekasirika, msidhani. Lakini afadhali hivyo kuliko kupewa maneno matamu ya kunyamazishia mtoto. Mavyaa akasema, "Na kwetu wale arubaini wa Ijumaa, ushawahi kuhesabiwa? Ndani, mtoto ataka kunyonya."

Ngoma ilitolewa na seremala, alikata mkono wa ngazi. Baba Neema alinywa chai tatu juu huko na Mzee Natani, wakazungumza habari za Musa, na wale ishirini na wawili mavyaa aliwakaangia mahamri yote ya wageni ya kesho yake, huku ananitupia jicho kwa kila donge la unga.

Asubuhi mzee akiondoka nikamwambia chumba chake cha mwakani nimekiandika. Akasema daktari amekataa. Nikamwambia daktari hakai Kibokoni, na asipokuja yeye basi amwagize Rafaeli aisome kwa niaba yake, ila tarehe ya kwao anitumie mapema.

Kwa hiyo nimejifunza, na ninaapa mbele yenu: sitasema tena "niachie mimi" kabla sijauliza ni mtu wa namna gani anayetakiwa, na anahesabiwa kwa nini. Sala ya mwakani itakuwa ukumbi wa chini, mlango wa pande mbili. Nimeshapata namba za wanaume kumi na wawili, wawili wa akiba, na kila mmoja nimemwuliza mama yake ni nani (watatu walinikatia simu, nikawapigia tena). Rafaeli atalala kwetu tangu jana yake, haendi Miritini. Na mimi nimeamua siku hiyo nitakwenda kwa mama yangu, nikalale mchana kutwa, yasinihusu.

Naongopa. Nitakuwa pale pale mlangoni, nimevaa buibui kamili, na atakayetoa simu kunipiga picha nitamkabidhi Nuru amshike, nione atanipiga kwa mkono gani.